Dirisha la Ellen

Ninyi mnaoelewa Kiswahili changu chote halafu mkanijibu kwa Kiingereza, leo nisomeni polepole. Mliniomba niandike kidogo kuhusu kazi niliyoifanya hapa Birmingham kabla sijastaafu. Wengi wenu mlitaka kujua mambo mawili tu: kama kazi ilikuwa inalipa, na kama mgongo bado unaniuma. La kwanza hapana, la pili ndiyo. Sasa niacheni niseme yale ambayo hamkuniuliza.

Mimi nilikuwa fundi wa madirisha ya zamani. Si haya ya plastiki. Nasema yale ya mbao ya enzi za Malkia Victoria, yaliyojaa mtaa wa Moseley mpaka leo, yenye vipande viwili vya vioo vinavyopanda na kushuka. Kila upande wa dirisha, ndani ya ukuta, kuna kijisanduku kirefu cha mbao. Humo kinaning'inia chuma kizito kilichofungwa kamba, na kamba imepita juu ya gurudumu dogo mpaka kwenye dirisha lenyewe. Ukipandisha kioo, chuma kinashuka. Ukikishusha, chuma kinapanda. Dirisha likiwa zima unalipandisha kwa vidole viwili, na ukitega sikio unavisikia vyuma vikigonga taratibu ukutani, kama mtu anayetembea na soksi chumba cha pili. Hamu ya sauti hiyo hainiishi. Nyumba ninayokaa sasa madirisha yake yako kimya kabisa.

Nilipofika hapa nilikuwa tayari seremala. Nilijifunza kazi Ngamiani, Tanga, na nilijiona naijua mbao. Siku ya kwanza katika chumba nilichopanga mtaa wa Stechford, kwa bibi mmoja mjane wa Kiingereza aitwaye Maureen, nilitaka hewa. Kwetu dirisha husukumwa nje. Nikaondoa komeo, nikaweka viganja kwenye fremu, nikasukuma kiume. Kioo kizima kikaenda kuyasalimia maua ya jirani. Bi Maureen akapanda ngazi, akalitazama tundu, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa upole ile kazi niliyomwambia ninaifanya ilikuwa ipi vile.

Aliyeitwa kuja kuweka kioo kipya alikuwa mzee wa Kisingasinga, kilemba cha bluu na ndevu nyeupe. Nilisimama pembeni kwa aibu nikijisemea kwa Kiswahili kwamba sijui nchi gani hii ambayo madirisha yake hayatoki nje kama ya watu. Yule mzee hakugeuka. Aliendelea kupaka puti yake, ule unga wa mafuta unaoshika kioo, kisha akasema kwa Kiswahili kama amezaliwa nacho, "Ukisukuma kila kitu namna hiyo, kijana, siku moja utasukuma ukuta."

Na kweli alizaliwa nacho. Mzee Mohinder alikuwa mtoto wa Kisumu, baba yake alikuwa seremala wa mabehewa ya reli, na yeye mwenyewe alikulia katika karakana ileile kabla ya kuhamia huku. Kiswahili chake kilikuwa cha hii dirisha na hiyo nyumba, na mimi mtu wa Tanga kiliniwasha masikio. Yeye alisema changu ni cha taarifa ya habari. Wiki iliyofuata nilikuwa nimebeba mkoba wake wa vifaa, na niliubeba miaka mingi.

Alikuwa na desturi moja aliyotoka nayo karakana ya Kisumu. Kazi yoyote ya zamani haiguswi kabla ya chai. Msidhani ni mapumziko. Alikuwa akipindua ndoo, akaketi kulielekea dirisha, akamimina chai ya maziwa na tangawizi kutoka kwenye chupa, akainywa mpaka mwisho bila kusema neno, macho yakifanya kazi. Baba yake alimfundisha kwamba kila kitu cha mbao kilitengenezwa na mtu aliyekuwa na shida yake siku hiyo, na usipoijua shida yake utaharibu kazi yake. Mafundi wengine walitucheka. Hata mimi mwanzoni nilikuwa nanung'unika, maana nyumba zenyewe zilikuwa hazina moto, na mimi ndoo yangu ilikuwa na ufa uliokuwa unanifinya.

Siku moja yeye akinywa, mimi nikajifanya hodari. Nikachomoa ubao wa pembeni bila kutazama kipande cha juu cha kioo kilikuwa kimeshikwa na nini. Hakikuwa kimeshikwa na kitu, kikanishukia. Kucha hii ya kidole gumba mnayoiona imepinda ni ya asubuhi hiyo. Mzee Mohinder akamaliza chai yake kwanza, ndipo akaja kunifunga kitambaa, akiniambia kwamba dirisha lile lilikuwa linanionya kwa sauti kubwa ila mimi nilikuwa nimekwenda na mikono tu.

Mengine aliyonifundisha yaandikeni mahali. Rangi ikatwe kwa kisu kabla ya kulazimisha fremu. Mbao inaposuguana na mbao paka mshumaa, usipake mafuta, mafuta hukusanya vumbi. Puti ipashe joto kiganjani mpaka iache kukunata. Na usimwambie mwenye nyumba kwamba dirisha lake ni bovu, mwambie limechoka. Watu huwahurumia waliochoka.

Bi Maureen naye alikuwa na neno lake. Jioni tulikaa jikoni kwake, yeye na sigara aliyokatazwa na daktari, mimi na magazeti ya bure ya kwenye treni. Mwanasiasa akiapa redioni, au mtu wa gesi akidai kwamba alikuja akagonga na hakufunguliwa, Bi Maureen alitoa moshi na kusema, "Ndiyo, na lile dirisha lilifunguka." Nilidhani ni msemo wa watu wa Birmingham wa kumwambia mtu kwamba anadanganya. Nikautumia dukani siku niliyouziwa maziwa yaliyochacha. Muuza duka alinitazama, akatazama dirisha la duka, akanirudishia pesa zangu haraka.

Sasa nifike kwenye nyumba yenyewe.

Ilikuwa Moseley, nyumba kubwa ya matofali mekundu, iliyojengwa na tajiri mmoja aliyekuwa na kiwanda cha vitanda vya chuma na shaba. Ukoo wake siutaji, maana bado upo na bado una nguvu. Walijenga shule, wakajenga wodi za hospitali, na miaka ile ya elfu mbili na kitu waliamua kuigeuza nyumba ya babu yao iwe ya kutembelewa na watu. Sisi tulipewa madirisha yote. Kwa mafundi wawili wa mkoba mmoja, hiyo ilikuwa riziki ya kujivunia.

Msimamizi wa nyumba alikuwa mama mmoja aitwaye Judith, mwanamke mwerevu na mwema, anayejua historia ya kila kigae. Ndiye aliyetusimulia kisa ambacho nyumba ile ilikuwa maarufu kwacho. Zamani hizo, kipini cha zumaridi alichokivaa kifuani mke wa tajiri kilipotea kutoka sebule ya chini. Tajiri hakuridhika na polisi wa mji. Akamwita mpelelezi mwenye jina kubwa kutoka London. Mpelelezi akalala humohumo ndani, akala meza moja na tajiri, na kabla wiki haijaisha akatoa jibu. Dirisha la pembeni la sebule lilikutwa komeo limefunguliwa, na komeo lile haliwezi kufunguliwa ila kwa ndani. Aliyekuwa akilala karibu na sebule ni mmoja tu, mjakazi aitwaye Ellen. Kwa hiyo Ellen alimfungulia mwizi dirisha. Tajiri akaapa mahakamani kwamba ndivyo ilivyokuwa, na Ellen akafungwa. Kipini hakikuonekana tena.

Kisa hiki, alisema Judith, kingekuwa maonyesho. Kila Jumamosi waigizaji wangevaa nguo za zamani, mpelelezi na kofia yake, na wageni wangetazama mjakazi akinyata na kulifungua dirisha. Sasa lile dirisha lilikuwa limekwama. Kazi yetu ilikuwa kulifanya lipande vizuri ili yule mwigizaji asihangaike mbele ya watu. Ukoo uliutaka mchezo huo hasa; ulikuwa umeshautangaza.

Tukapindua ndoo zetu.

Nakumbuka chai ile kuliko chai nyingine yoyote niliyowahi kunywa. Dirisha lilikuwa zuri, pacha wa lile la upande wa pili wa sebule: komeo la shaba, vishikio vya shaba, kila kitu. Mzee Mohinder alikunywa nusu kikombe, akasita. Akainuka na kikombe mkononi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akagonga ukuta wa kulia kwa kiungio cha kidole. Akagonga wa kushoto. Akaniita.

"Hii dirisha magurudumu yake iko wapi?"

Hayakuwepo. Mahali ambapo kamba hupita palikuwa mbao tupu, haijawahi kutobolewa. Tukakwangua rangi kidogo kwa ncha ya kisu, padogo tu, na tukaona misumari ya kale iliyopigwa kutoka kwenye fremu kuingia kwenye kipande cha chini, imezikwa na puti ya kwanza kabisa. Hapakuwa na kisanduku. Upande wa kulia, nyuma ya plasta, lilikuwa limepita bomba la moshi la jiko la kuotea moto sebuleni, na hapakubaki nafasi ya kuning'iniza chuma. Yule mjenzi wa zamani alikuwa na shida hiyo. Mwenye nyumba alitaka madirisha mawili yafanane, naye akamtengenezea: moja la kufunguka, jingine la kuonekana tu. Komeo lile unaweza kulizungusha upendavyo. Halina linachokifungua.

"Hii dirisha haikufunguka hata siku moja," Mzee Mohinder alisema. "Ilizaliwa imekufa."

Ndipo nilipoisikia kichwani mwangu sauti ya Bi Maureen wa jikoni, na moshi wake.

Jioni ile nilimuuliza neno lake la dirisha lilitoka wapi. Aliniambia kwamba ni la bibi wa mama yake, aliyekuwa mjakazi kwa wakubwa fulani wa Moseley, akafungwa kwa kumfungulia mwizi. Alilipangusa dirisha lile kila asubuhi kwa miaka, akawaambia wote kwamba halifunguki, akawaambia mahakamani, watu wakacheka maana lina komeo. Tajiri alisema linafunguka. Alipotoka jela hakuna nyumba iliyomchukua. Alifua nguo za watu hadi akafa, na mpaka siku za mwisho, ukimwambia uongo, alikujibu hivyo. Watoto wake walilichukua neno na kuificha habari, kwa aibu. Nikamuuliza jina lake. Alikuwa Ellen.

Nilimweleza tulichokiona. Bi Maureen alizima sigara ambayo alikuwa ndiyo kwanza ameiwasha. Mapafu yake yalikuwa yameshaisha, mnielewe, na yeye alijua. Alisema jambo moja tu: anataka kuliona kabla hawajalikata.

Maana ukoo ulitaka lifunguke, na dirisha la namna ile halipandi mpaka ulikate. Kesho yake Mzee Mohinder alimwita Judith, akamkalisha kwenye ndoo yangu yenye ufa, akampa chai, akamwonyesha. Judith alielewa kabla hatujamaliza kueleza, uso ulimbadilika. Akakubali tusiliguse, akaenda kuwaambia wakubwa. Akarudi amenyong'onyea. Ukoo ulijibu kwamba mambo ya kale hayana ushahidi, kwamba tangazo limeshatoka, na kwamba mchezo ni burudani tu. Kama mafundi hawa hawawezi, Jumatatu waletwe wengine walikate dirisha na kulitia kamba. Wakishalikata, kila mgeni angemwona Ellen akilifungua kwa macho yake, na hapangebaki kitu cha kusema vinginevyo.

Nilimsihi Mzee Mohinder. Ndiyo, mimi. Nilisema tusipolikata sisi watalikata wao, na sisi tutapoteza kazi za ukoo ule bure. Hakunikasirikia. Aliniuliza kama yule mjenzi wa kale angekuwa hai, angekubali tumsingizie kwamba dirisha lake linafunguka. Tena akasema, kwa sauti ya chini, kwamba huko Kisumu baba yake alifukuzwa kazi mara moja kwa kosa la mkubwa, na mtu pekee aliyejua ukweli alinyamaza kwa sababu ya watoto wake. "Simlaumu," alisema. "Lakini mimi watoto wangu ni wakubwa."

Ijumaa tulimleta Bi Maureen. Kutoka Stechford mpaka Moseley alipumzika kila penye kiti. Alivaa koti lake la kanisani. Judith alitufungulia mlango wa mbele, si wa nyuma, na nilimwona Bi Maureen akiugundua hilo. Alilifikia dirisha, akazungusha komeo, likazunguka laini kabisa. Akaweka vidole kwenye vishikio vya shaba, akapandisha. Halikutikisika. Akabaki ameshika hivyohivyo, kipaji cha uso kwenye kioo, akihema.

Hapo ndipo mzee mkubwa wa ukoo alipoingia. Alikuja kukagua maandalizi, mtu mrefu wa umri wa Bi Maureen, na fimbo na glavu za ngozi. Akauliza kwa adabu wageni hawa ni nani. Judith angeweza kusema lolote. Alisema, "Huyu ni kitukuu wa Ellen."

Bi Maureen hakulia wala hakumtukana. Alisogea pembeni akamwachia nafasi. "Jaribu wewe," alisema.

Sijui kwa nini alikubali. Labda kwa sababu aliombwa na mwanamke mgonjwa aliyevaa vizuri. Aliegemeza fimbo ukutani, akavua glavu, akazungusha komeo, akapandisha. Akapandisha tena, kwa nguvu, mpaka shingo ikamwiva. Kisha akasimama na mikono mitupu, akitazama bustani iliyokuwa ya babu yake.

Mzee Mohinder akampindulia ndoo. Nilidhani amepatwa na wazimu. Akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akampa kwa mikono miwili, akamwambia kwa Kiingereza kwamba hapa tunaanza na chai. Na yule mkubwa akaketi. Alikunywa mpaka mwisho, macho yakiwa kwenye dirisha: komeo, vishikio, misumari tuliyoifichua. Nilimtazama akiliona. Akarudisha kifuniko, akasema asante, akachukua fimbo yake, akaondoka. Glavu alizisahau.

Jumatatu hakuja fundi yeyote. Mchezo ukafutwa, wakasema ni sababu za maandalizi. Ukoo ule haukutuita tena baada ya kumaliza yale madirisha mengine, wala haukuandika popote jina la Ellen. Nilikasirika sana. Nilimwambia Bi Maureen kwamba hata msamaha hakuomba. Alikuwa kitandani tayari, mashine ya hewa pembeni, anatabasamu kama msichana.

"Alisukuma, Athumani," aliniambia. "Uliona alivyosukuma?"

Alifariki kabla nyumba haijafunguliwa. Nani alichukua kipini mimi sijui, na naomba msinitumie nadharia zenu. Nijuacho ni kwamba aliyekichukua hakupitia pale. Mzee Mohinder alifuata miaka kadhaa baadaye, na tangu siku hiyo sina mtu katika mji huu wa kunikosoa Kiswahili changu. Ndoo yake ninayo, naiwekea viazi. Kuna asubuhi naipindua, naikalia, na chai yangu mkononi, nalitazama dirisha la plastiki ambalo halina cha kuniambia. Nawakumbuka wote wawili. Natamani hata ile baridi.

Mwaka jana nilikwenda Moseley. Nililipa kiingilio kama mgeni. Sebule ni ileile, na madirisha ni pacha, nadhifu. Aliyekuwa akituongoza alikuwa binti wa rika lenu, amezaliwa juzi, hajui mimi ni nani wala hajui habari ya Ellen, nina hakika, maana hakumtaja. Wenzangu waliposogea chumba kingine, mimi nikabaki. Nikaweka vidole vyangu viwili kwenye vishikio vya shaba.

Yule binti akarudi mbio, kwa heshima, kama mnavyowakimbilia wazee mkidhani wataanguka.

"Samahani, babu," alisema. "Hilo dirisha halifunguki. Halijawahi kufunguka."

Nikamwambia sikumsikia vizuri, naomba arudie.